Moshi Asiouona Dereva

Jioni, akishaegesha gari, Josiane alikuwa na mazoea ya kutandaza kartoni chini ya injini. Asubuhi, kabla hata hajanawa uso, aliivuta ile kartoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga na kuikagua. Hakukuwa na doa. Kisha alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka. Haikumwagika chini, haikulowanisha injini, lakini haikuwepo.

"Sasa inakwenda wapi?" alisema siku moja kwa sauti.

Baba yake, mzee Niyibizi, alikuwa jikoni akikoleza moto wa uji. Alitoka, akasimama mlangoni, macho yakimtoka machozi ya moshi.

"Si mnasema gari linakula oili?" aliuliza. "Basi kama linakula, kuna mahali linatoa."

Josiane alicheka, lakini maneno hayo hayakumtoka kichwani siku nzima.

Familia yao ilitokea Burundi, ikatulia Kasulo, na Josiane alizaliwa hapohapo, ukingoni mwa shamba la mihogo. Alipomaliza shule ya msingi alikwenda stendi ya Benaco kuosha magari. Alisogeza magari ya watu kutoka kwenye maji hadi kwenye kivuli, mara hili, mara lile, hadi siku moja madereva wakagundua kwamba yule binti wa sabuni anaendesha vizuri kuliko baadhi yao. Alipata leseni. Hata hivyo, gari hakupewa kwa sababu ya leseni. Alipewa kwa sababu ya maswali.

Mwenye gari alikuwa mzee Gervas, bwana shamba mstaafu, mtu mrefu mkavu aliyetumia nusu ya maisha yake akizunguka migomba ya Bugarama kutafuta chanzo cha mnyauko. Alinunua gari dogo la abiria, yale ambayo watu wa huku huyaita michomoko, likiwa tayari limezeeka mikononi mwa wengine. Alipolipeleka kuoshwa, Josiane alimwuliza kwa nini mlango wa nyuma unalia upande mmoja tu, na kwa nini injini inatulia zaidi ikiwa ya moto. Mzee aliondoka na maswali hayo. Wiki iliyofuata alirudi na ufunguo.

"Nimewasikia wengi wanaotaka kuliendesha," alimwambia. "Wewe unataka kulijua. Chukua."

Tangu siku hiyo Josiane alipakia abiria Benaco na kuwapeleka Biharamulo kupitia Nyakahura na Lusahunga, na siku za gulio alipanda milima hadi Ngara mjini. Gari lilivuta, halikuchemsha, halikugoma asubuhi. Lilikuwa na kasoro hiyo moja tu ya kunywa oili, na kadiri msimu ulivyokwenda, kiu yake iliongezeka. Dumu dogo la oili likawa halitoki kwenye buti.

Maneno ya stendi hayakukawia. Wapo waliomnong'oneza mzee Gervas kwamba madereva wengine hufyonza oili na kuwauzia wenye mashine za kusaga. Hawakumtaja Josiane, lakini walihakikisha mzee anaelewa.

Alimwita nyumbani kwake mchana wa Jumapili. Josiane alipiga magoti kidogo, akaamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo." Mzee alitazama mikono yake. "Josiane mwanangu, nikikuuliza jambo utakasirika?"

"Inategemea na swali, mzee."

"Hii oili. Nataka kujua inakokwenda."

Damu ilimpanda Josiane usoni. Alielewa kilichokuwa nyuma ya swali, na mzee naye aliona kwamba ameelewa. Kuku alipita katikati yao akidonoa punje za mahindi.

"Mimi nalala na swali hilo," Josiane alisema hatimaye. "Naamka nalo. Kama mzee una shaka na mimi, usininyang'anye gari leo. Panda. Tusafiri pamoja. Oili utie wewe, upime wewe, kisha tutazame wote."

Mzee Gervas aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kofia yake ya shambani.

"Kesho asubuhi," alisema.

Kesho yake mzee alimimina oili mwenyewe hadi alama ya juu, akafunga kifuniko na kukaa kiti cha mbele. Hakubanduka. Josiane alipoteremka Nyakahura kununua maji, mzee alibaki ameegemea boneti kama mlinzi. Walikwenda Biharamulo, wakarudi, wakaunganisha hadi Ngara, wakashuka tena. Jioni waliegesha mahali tambarare, wakasubiri injini ipoe, kisha mzee akachomoa kijiti.

Alikitazama. Akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena.

"Imepungua," alisema taratibu. "Na hakuna aliyeigusa."

"Ndiyo, mzee."

"Nisamehe basi."

"Yameisha," Josiane alisema, na kweli kifua chake kilikuwa chepesi. "Lakini bado hatujui imekwenda wapi."

Hapo ndipo alipouona uso wa mzee ukibadilika. Mashaka yalitoka na kitu kingine kikaingia, kitu alichokifahamu vizuri kwa sababu kilikuwa ndani yake pia. Mzee aliinama chini ya gari na tochi, akapapasa huku na kule, vidole vikatoka na vumbi tupu. Akafungua rejeta kuona kama maji yamechanganyika na oili. Maji yalikuwa safi.

"Mgomba ukinyauka," alisema akijifuta magoti, "mkulima atakwambia ni jua. Jirani atakwambia ni kurogwa. Ukiukata ukatazama ndani ndipo unajua. Twende kwa fundi."

Fundi Alfonce alikuwa na gereji yake pembeni ya barabara, chini ya mabati manne. Alisikiliza kwa sikio moja huku akifunga gurudumu la pikipiki. Neno linaloanza kwa r, yeye alilianza kwa l.

"Lingi hizo," alisema. "Lingi za pistoni zimechoka. Injini imekwisha, mzee. Tafuteni nyingine."

"Umejuaje?" Josiane aliuliza.

"Gari kuukuu linalokula oili, ni lingi. Nimeshafungua mengi."

"Ringi zikichoka, oili inakwenda wapi?"

Alfonce aliinua uso. Labda hakuwahi kuulizwa hivyo. "Inapanda kwenye silinda, inaungua pamoja na petroli. Inatoka moshi wa bluu nyuma."

"Mimi sijawahi kuona moshi."

"Utauonaje na wewe uko mbele?" fundi alisema, akarudi kwenye gurudumu lake.

Josiane alisimama pale akiwa ameduwaa. Muda wote huo ameliosha gari hilo, amelilisha, amelisikiliza hadi akajua kila mlio wake, na hajawahi hata mara moja kuwa nyuma yake likiwa safarini. Kioo cha ndani kilijaa vichwa vya abiria na magunia. Vioo vya pembeni vilimwonyesha malori yanayotaka kumpita. Chochote ambacho gari lake lilikiacha nyuma, alikuwa anawaachia watu wengine.

"Mzee," alisema, "wewe unaweza kuendesha?"

"Nilikuwa naendesha gari la idara. Zamani."

"Kesho utaendesha. Mimi nitakuwa nyuma."

Walipanda hadi Ngara mjini bila abiria, Josiane akiendesha, ili mzee aanzie huko kushuka. Josiane alimkodi Clever, kijana wa bodaboda mwenye mkono mtulivu, akamwagiza amfuate mzee kwa karibu lakini asiingie kwenye vumbi lake. Mzee Gervas alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, akarekebisha kiti tena. Akaondoka polepole, kwa mwendo wa maandamano ya ekaristi.

Kwenye barabara tambarare, Josiane alikaza macho kwenye bomba la moshi hadi yakauma. Hakuona kitu. Palipokuwa na kilima, mzee alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, na bado hapakuwa na kitu, ila joto lililotetemesha hewa. Josiane alianza kudhani fundi amekosea na wao wamepoteza siku.

Ndipo wakafika kwenye mteremko mrefu. Mzee aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lijizuie kwa gia, kama Josiane mwenyewe alivyozoea kufanya ili asichoshe breki. Walishuka, wakashuka, kona hii na ile, migomba ikipita kulia na kushoto. Moshi haukuonekana. Chini kabisa, barabara iliponyooka, mzee alikanyaga mafuta.

Wingu likatoka. Lilikuwa zito, la bluu, likafunika nyuma yote ya gari, likawafikia Josiane na Clever usoni kwa harufu kali ya oili iliyoungua. Lilidumu kidogo tu. Lilipotawanyika, gari lilikuwa linakwenda mbele na bomba lake halina kitu, kana kwamba si lenyewe lililofanya.

"Umeona?" Josiane alimgonga Clever mgongoni. "Umeona, Clever?"

"Nimekula, dada, siyo kuona tu," Clever alijibu akikohoa.

Clever alimpita mzee na kumpungia, wakasimama wote karibu na kibanda cha mama mmoja aliyeuza ndizi mbivu na parachichi, Restituta. Mzee aliteremka akiuliza vipi, vipi, na Josiane akawa anaeleza kwa mikono na maneno pamoja. Restituta aliwasikiliza huku akipanga ndizi zake.

"Ni ule moshi mnaouzungumzia?" aliuliza. "Hilo gari tunalijua kwa moshi wake. Likishuka mlima, watoto wanaziba pua kabla halijafika. Kila gulio."

"Na hukuniambia?" Josiane alisema. "Mama, nanunua ndizi kwako tangu lini?"

"Nilidhani unajua," Restituta alisema kwa mshangao wa kweli. "Si gari lako?"

Mzee Gervas aliketi kwenye jiwe na kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

Walirudi kwa Alfonce. Safari hii Josiane hakumwuliza. Alimsimulia: tambarare hakuna, kupanda hakuna, kushuka hakuna, ila mwisho wa mteremko ukikanyaga mafuta, wingu. Alfonce aliweka spana chini. Alifuta mikono polepole, akamwomba arudie habari ya kupanda kilima.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Basi si lingi," alisema. "Lingi zingetoa moshi wakati wa kuvuta mlima. Hizi ni sili za vali, laba ndogo za huku juu. Ukishuka umeachia mafuta, injini inavuta hewa kwa nguvu na haipati, kwa hiyo inanyonya oili kupitia humo. Oili inajikusanya. Ukikanyaga, inaungua yote kwa mpigo." Alitikisa kichwa. "Niliharakisha kusema kabla ya kuuliza. Tukiangalia injini kwanza, tutakuwa na hakika."

Alipima nguvu ya silinda moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzuri; ringi hazikuwa na kosa. Kazi ya kubadilisha sili ilichukua siku nzima, na Josiane hakutoka hapo. Aliogopa vali zitadondokea ndani ya silinda zikifunguliwa springi zake, akauliza zitazuiwa na nini. Alfonce alitoa kipande cha kamba ya nailoni. Aliondoa plagi, akaisokomeza ile kamba kwenye tundu lake hadi ikajaa silinda, akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikapanda na kuibana kamba dhidi ya vali.

"Sasa haziwezi kwenda popote," alisema.

Mzee Gervas, aliyekuja na kigoda chake kutoka nyumbani, alisogea hadi kichwa chake kikakaribia kuingia kwenye injini. "Kamba ya kufungia mbuzi," alisema kwa heshima kubwa.

Sili za zamani zilitoka zikiwa ngumu kama kucha. Josiane aliminya moja, ikavunjika. Mpya ilikuwa laini, ikakubali kidole. Kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda, kilichokuwa kimekunywa madumu na kumchafulia jina stendi nzima.

Siku chache baadaye alishuka tena ule mteremko, na mzee akiwa amesimama kwa Restituta kutazama. Josiane alipofika chini alikanyaga mafuta, akasimama, akachungulia dirishani.

"Kidogo," mzee alisema. "Kama pumzi ya mtu anayevuta sigara kwa siri."

Alfonce alikuwa ameshawaambia kwamba injini ya umri ule haitaacha kabisa kula oili, kwamba hata mpya huunguza kidogo. Kijiti kiliendelea kushuka, ila taratibu, na dumu likakaa kwenye buti bila kuguswa kwa muda mrefu. Wale wa stendi walitafuta habari nyingine.

Lakini Josiane alikuwa ameonja kutazama kutoka nyuma, na hakuweza tena kuacha. Akiwa hana zamu huenda kwa Restituta, akanunua parachichi, akakaa kwenye jiwe kutazama magari yanavyoshuka na yanavyoanza kuvuta. Mwanzoni madereva walimcheka. Kisha mmoja akasimama kuuliza la kwake linatoa nini, na mwingine. Restituta huongeza yale aliyoyaona mwenyewe wakati Josiane yuko safarini, kwa sababu yeye yuko pale kila siku. Mzee Gervas naye huja, na kofia yake.

Alasiri moja lori lililobeba shehena ya kwenda mpakani lilipita likianza kupanda, likitoa moshi mweusi tii uliotanda juu ya migomba.

"Na huo mweusi?" mzee aliuliza.

Josiane alilifuata lori kwa macho hadi likapinda kona.

"Huo sijui bado, mzee," alisema, akainuka na kupangusa majani kwenye sketi. "Alfonce hajafunga gereji. Twende tukamwulize."