Televisheni ya Mgongo na Amina Yangu

Namshukuru Mungu aliyenitunza mpaka nikaota mvi, akanivumilia hata siku niliyosema uongo mbele zake. Sifa zote ni zake. Aibu ni yangu.

Nilipostaafu ualimu niliamua kujitengenezea mashine ya mchezo, ile ya kusimama mbele yake na kushika usukani mdogo, kama iliyokuwa katika duka moja mjini Kisii nilipokuwa kijana. Kabati nililiranda mwenyewe. Vifungo na kompyuta ndogo ya kuendeshea mchezo alinitumia binti yangu. Kilichobaki kilikuwa kioo.

Fundi wa televisheni pale Keroka alinieleza wazi. "Mzee, flati, hizi bapa za siku hizi, ni nyepesi na utaibeba leo hii. Lakini mchezo wa zamani kwenye flati huonekana kama ukuta wa matofali. Ukitaka picha ya ujana wako, tafuta televisheni ya mgongo, ile nene ya zamani."

"Nitaipata wapi?"

"Watu walishazitupa. Labda kwa mama fulani aliyeifunika kitambaa." Akacheka. "Na wewe si mzee wa kanisa? Utapigana vita vya angani na Biblia kwapani?"

Nilicheka naye, lakini mama huyo nilimjua. Ni mjane wa ndugu yangu, anaishi Ikonge. Televisheni ya marehemu ilikuwa bado sebuleni, juu yake kitambaa alichofuma mwenyewe na picha ya mumewe. Tangu matangazo yawe ya dijitali haikushika stesheni yoyote, lakini hakuiondoa.

Nilikwenda. Akanipa chai na ndizi mbivu, nami nikamwomba ile televisheni.

"Ya kufanyia nini, shemeji?"

Kweli ilikuwa mdomoni. Nikaona haya, mtu wa umri wangu kutaja mchezo. Nikasema, "Ya kufundishia watoto kanisani."

"Watoto wa Mungu? Chukua!" Akaondoa picha, akakunja kitambaa, akaweka mkono juu ya televisheni na kufumba macho. Aliomba kwa lugha yetu ya Ekegusii, polepole, kwamba chombo cha mumewe kiwafundishe watoto yale ambayo mwenyewe hakuishi kuwafundisha. Alipomaliza, niliitikia Amina. Kwa sauti.

Kioo kile kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya tena. Picha ilikuwa laini, nayo ilifuata mkono papo hapo. Nilicheza siku tano, na kila siku nilijiambia kwamba kesho nitamweleza.

Jumamosi iliyofuata, siku yetu ya Sabato, alikuja kanisani kwetu na kikapu cha maparachichi ya watoto. Nilimsikia akimuuliza mwalimu wao, "Televisheni yetu inawasaidia?"

"Televisheni gani, mama?"

Alinitazama. Ibada ilipokwisha alinikuta langoni. "Shemeji, iko wapi?"

Nilimpeleka nyumbani. Alitazama kabati, akatazama vifungo, kisha akainama na kugusa pembe ya kioo palipochubuka siku ndugu yangu alipokuwa akiishusha garini.

"Ni mchezo?"

"Ni mchezo."

"Ungeniambia tu, ningekupa. Hata yeye alipenda michezo, na kelele nyingi!" Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Lakini ile Amina, shemeji, ulikuwa unamwambia nani?"

Nilimwahidi kuirudisha. Ilikuwa Sabato, sikuweza kushika bisibisi, kwa hiyo nilipita mbele ya kabati lile mpaka jua lilipozama nikiwa sina hata kazi ya kufichia uso. Jumapili nilimwita fundi aitoe, maana televisheni ya mgongo huweka umeme ndani hata ikizimwa. Nikairudisha Ikonge. Shemeji aliipangusa, akatandika kitambaa, akarudisha picha mahali pake. Kisha akanipikia chai.

Sabato iliyofuata nilisimama nikalieleza kanisa lote. Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Shemeji hakuwepo, lakini najua alisikia, kwa sababu alinitumia mkungu wa ndizi.

Kabati sasa lina flati. Matofali yote yanaonekana. Sichezi sana.

Wewe unayesoma, Mungu akupe ulimi wa kusema kweli ikiwa bado ni ndogo, na jamaa watakaokukaribisha chai ukishakosa. Abariki nyumba yako na walio ndani yake. Amina, na hii namwambia yeye.