Uji wa Kaunti

Shule niliyofundisha kule Langas, mtaa wa Eldoret, ilikuwa na serikali mbili ndani ya ua mmoja. Darasa langu la chekechea, au nasari kama watoto walivyoiita, lilikuwa la kaunti: kaunti ndiyo iliyolijenga, ikaniajiri mimi, ikaleta na unga wa uji. Kuanzia Gredi ya Kwanza kwenda juu, kila kitu kilikuwa cha wizara ya serikali kuu, pamoja na ardhi tuliyokanyaga. Katikati hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Palikuwa na nyasi tu, na mtoto angezivuka akirukaruka kwa mguu mmoja.

Saa nne watoto wangu walikunywa uji moto. Wale wa ng'ambo ya nyasi walikunywa maji ya mfereji, kama yapo. Baridi ya Eldoret haina adabu, asikudanganye mtu, na wengi wao walikuwa wametoka nyumbani na chai ya rangi peke yake.

Nililisema jambo hilo kwenye mkutano. Afisa wa kaunti akasema unga umenunuliwa kwa ajili ya chekechea, ukinywewa na Gredi ya Kwanza wakaguzi watauliza. Mwalimu mkuu akasema yeye hana neno, ila ruhusa itoke juu. Wakashikana mikono, wakasifu ushirikiano, wakala mandazi yetu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawa wangu hawakupigana hata siku moja. Walipatana vizuri sana, na nyasi zikaumia vilevile.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa mama aliyekuwa akifulia watu nguo mtaani Kapsoya. Nikiandika neno ubaoni, kabla sijashusha chaki ameshalitamka. Akipata yote alikuwa akinitazama tu, kimya, mpaka nimwambie vizuri sana. Mama yake alikuwa akinitania, "Mwalimu, huyu ni wako, mimi nilizaa tu."

Mwisho wa mwaka tukafanya mahafali, kama kila chekechea siku hizi. Majoho ya kukodi, kofia zinazofunika macho, akina mama wanapiga vigelegele na kuwavisha watoto mashada ya karatasi zinazometameta. Yule msichana nilipomvisha kofia akaivua.

"Ticha, mimi sitaki kumaliza," akasema. "Huko hakuna uji."

Nikamwambia huko kuna vitabu vikubwa, vyenye hadithi ndefu. Mama yake alikuwa amesimama pale na gauni jipya, anangoja kupigwa picha na mwanawe. Nikamrudishia kofia kichwani.

Shule zilipofunguliwa Januari, saa nne ilipofika alikuja na kikombe chake, akapanga foleni na wadogo. Mpishi akanitazama. Nikampa uji wangu mimi. Kesho yake nyuma yake walisimama karibu Gredi ya Kwanza nzima, na sufuria ilikuwa ileile. Ningempa nani, nimnyime nani? Ikabidi niwarudishe wote, na yeye pia. Nilimshika bega nikamgeuza kuelekea kwao. Roho iliniuma siku ile, na sasa ninapoandika bado inaniuma.

Muhula haujafika katikati, mwalimu wake mpya akanijia amekasirika.

"Huyu mtoto mliyekuwa mnamsifu, mlimfundisha nini? Hata herufi hajui. Daftari lake ni jeupe."

Nikabisha. Tukaenda wote hadi darasani kwake, nikaandika *mama* ubaoni. Msichana akalitazama lile neno. Midomo yake ikaanza kulitamka, nikaiona kwa macho yangu, kisha akaibana.

"Sijui, Ticha."

Nikamtoa nje, nikachuchumaa mbele yake. Alikuwa amekonda usoni. Nikamuuliza kwa upole ni nini kimempata, mbona haya yote tulikuwa tunayajua. Akageuka kwanza kuangalia kama mwalimu wake yuko karibu.

"Mwenye hajui," akaninong'oneza, "si anarudishwa nasari?"

Nadhani alifikiri sijamsikia, kwa sababu alinisogelea zaidi.

"Jana tulifanya mtihani," akasema. "Nimekosa zote, Ticha." Kisha akanitazama, akingoja nimwambie vizuri sana.