Betri Zilizoisha Sandukuni

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Masasi yakianza kujaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa kijijini Newala, na kila mwisho wa mwezi nilishuka Masasi kuchukua mshahara na kulala kwa dada yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa na umeme. Safari moja nilikuta sokoni betri za kuchaji. Muuzaji aliniapia kuwa ukizichaji mara moja zinakaa na moto wake hata mwaka. Nikanunua nne pamoja na chaja, nikazichaji kwa dada usiku kucha, nikarudi nazo kama niliyebeba mayai.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa abatizwe mwezi uliofuata, nami nilishawaahidi wageni muziki. Redio yangu ya kaseti ilitumia betri mbili. Mbili nyingine zingekuwa za akiba. Nikazifunga zote kwenye kitambaa, nikazitia kwenye sanduku la bati lililokaa juu ya kabati, karibu kabisa na mabati ya paa. Mume wangu nikamwambia asiziguse.

Siku ya ubatizo tulitoka kanisani tukala pilau, kisha nikaweka kaseti. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili sauti ikaanza kuburuta, mwimbaji akawa kama mtu anayeimba huku anapiga miayo, halafu kimya. Nikatia zile za akiba. Nazo zikaburuta, zikanyamaza. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilimgeukia mume wangu mbele ya wageni.

"Umezitia kwenye tochi yako!"

"Mimi? Sijazigusa hata kwa kidole."

"Sasa moto umekwenda wapi?"

Akanyanyua mabega, akatoka nje kwenda kukaa na wanaume. Mama mkwe wangu ndiye aliyeokoa shughuli: aligeuza ndoo, akaanza kuipiga, na wanawake wakaimba kwa Kimakonde hadi jua likazama.

Kesho yake nilimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo betri uliziweka wapi?"

Nikamwonyesha sanduku. Alipanda kigoda, akashika kifuniko, akaondoa mkono haraka.

"Hapa hata mimi ningeisha. Muhogo ukishauchimba unaanza kuharibika, uule au usiule. Na kwenye joto ndiyo zaidi. Unamwonea mwanangu bure."

Nilijibu kwa heshima kwamba betri si muhogo. Akasema basi tujaribu.

Mwisho wa mwezi nikazichaji zote nne tena. Mbili tukazirudisha sandukuni, tukalitia kufuli, na ufunguo mama akaufunga kwenye pindo la kanga yake, asije mtu akasingiziwa. Mbili akazitia kwenye kopo kavu la maziwa, akalifunga kwa nailoni, akalizamisha kwenye mchanga wa baridi, uliolowa maji, ulioshikilia mtungi wa maji jikoni. Mwezi mzima mume wangu alikuwa akipita karibu na mtungi akiwa ameinua mikono juu, ili nione hana kitu.

Siku ya majaribio tulikaa ukumbini watatu. Zile za sandukuni ziliimba nyimbo tatu, zikaanza kupiga miayo. Zile za mtungini zilimaliza kaseti pande zote mbili, tukageuza tena, mama akaenda kutwanga akarudi, bado zinaimba. Mwishowe nazo zilichoka, mapema kuliko kama ningezitumia siku ile ile niliyozichaji, kwa hiyo ule mwaka wa muuzaji ulikuwa hadithi. Lakini nilikuwa nimekwisha shindwa.

"Baba," nilimwambia mume wangu, "nilikukosea. Unisamehe."

"Sikusikia vizuri. Redio inapiga kelele."

Nikazima redio, nikarudia. Akaniomba nirudie tena, kwa Kimakonde, ambacho mimi mtu wa Masasi nilikisema vibaya mno. Mama alicheka hadi akashika ubavu, na jioni ile nikamchinjia mume wangu jogoo.

Tangu hapo sikuchaji betri za kuweka. Nilizichaji nikazitumia, na za akiba zilikaa kwa mama. Habari zikaenea. Majirani walionunua za kwao wakaanza kuzileta kwenye mtungi wetu, na mama akawa anazifunga nyuzi za rangi ili asizichanganye. Maji kwetu, huku kwenye uwanda wa juu, hufuatwa mbali, mabondeni, naye aliona hapo pana faida.

"Karibu, jirani," aliwaambia mlangoni, "ila mchanga haujilowanishi wenyewe. Anayeleta betri alete na ndoo ya maji."

Nao walileta, na kwa miaka kadhaa mimi sikujitwisha ndoo hata moja.