Kivuli cha Baba

Harufu ya tyubu iliyochomwa na jua ndiyo Tunduma yangu. Baba alichana tyubu kuukuu za malori yaliyopanga foleni mpakani, akafungia mianzi kwa mikanda hiyo, akatandaza turubai juu: kivuli kisicho na ukuta wala mlango, kando ya soko. Hakupigilia msumari hata mmoja. Asubuhi wauza mahindi walihamisha nguzo kulikimbia jua, Jumapili kwaya ikakipanua, na waliosubiri mizigo kutoka Zambia wakashusha upande mmoja kuzuia upepo. Akifariki mtu mtaani, majirani walikifungua chote bila kuuliza, wakaenda kukisimamisha msibani. Baba alifurahi kupita asikitambue.

Mimi nilichukia. Nilikuwa na miaka kumi na kiburi cha kutosha. Nilitaka kibaki kama baba alivyokisimamisha, niwaonyeshe wenzangu wa shule. Mwaka huo wa mvua nyingi, baba akiwa Vwawa kutafuta mianzi, niliokota waya sokoni, nikaazima koleo ya fundi baiskeli na kukaza kila kiungo. Nikarudi nyumbani najiona mhandisi.

Wiki hiyohiyo mume wa Mama Neema, jirani yetu, akafariki. Wanaume wakaja kama kawaida. Mikanda ikafunguka, waya ukagoma. Fundi baiskeli mwenye koleo alikuwa ameshafunga kibanda. Wakavuta, wakatukana, mvua ikaanza.

"Nani kafanya hivi?" baba aliuliza, amerudi siku ileile.

"Mimi, baba."

Hakunipiga. Alishika panga, akaikata mianzi yake mwenyewe kando ya kila fundo la waya, vipande vikabaki vifupi mno kusimama. Wakaenda na turubai tupu, wakalishika kwa mikono juu ya jeneza, wafiwa wakalowa. Mama Neema alikaa kwenye tope, nguo zimemganda. Nilitamani anitukane.

Baba hakukijenga tena. Alisema mianzi imeadimika, na nilijua ananisitiri.

Siku hizi pale pana maduka ya matofali yenye mageti ya chuma. Msiba ukitokea tunakodi hema. Linakuja na vijana wake, ukisogeza kiti nje ya mstari wanakukemea. Watu wa rika langu hulalamika kwamba mji umekuwa mchoyo, hata pa kujikinga mvua hapana. Hunitazama niongeze neno. Nanyamaza, kwa sababu wa kwanza kuwanyima nilikuwa mimi, na Mama Neema, kila tunapokutana, bado ananiita mwanangu.