Vijiti vya Mlimau wa Mama Mkwe

Miaka ishirini na sita Bi Hakiki alitunza mafaili ya wagonjwa kwenye zahanati, na kila faili alilifungua mara mbili: kwanza kulisoma, kisha kuhakikisha macho hayakumdanganya. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, likamfuata hadi nyumbani. Kazi alistaafu, shaka hakustaafu.

Kwa hiyo wifi yake alipobisha hodi asubuhi moja, baada ya miaka minne ya kununiana, Bi Hakiki alisimama mlangoni bila kumkaribisha. Walikosana kwenye msiba wa mume wa Bi Hakiki, kaka yake wifi, pale wifi alipobeba cherehani ya marehemu mama mkwe bila hata kuaga.

"Nimesikia mlimau wa mama unakufa," wifi akasema.

"Nani kakwambia?"

"Unaonekana kutoka barabarani, wifi. Upande mmoja wote umekauka."

Hilo lilikuwa kweli. Wadudu walikuwa wamelitoboa shina mpaka likawa kama chujio. Wifi, ambaye aliuza pembejeo za kilimo, akatoa kikopo kilichowahi kuwa cha mafuta ya uso. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

"Dawa ya kuotesha mizizi. Tukate vijiti sasa, kabla mti haujafa wote."

Bi Hakiki akaunusa. Haukuwa na harufu, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo anataka mti, akawaza, kesho atadai na ardhi iliyo chini yake.

Hata hivyo alimpisha, akamsimamia mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Wifi alichagua matawi mabichi yenye unene wa penseli, akayakata chini kidogo ya kifundo, akapukutisha majani ya chini na kuyapunguza nusu yale ya juu. Kila kijiti alikichovya kitako kwenye unga, akakikung'uta, akatoboa kwanza mchanga aliojaza kwenye kopo ili unga usifutike, ndipo akakichomeka. Vilikuwa sita, kwenye kopo moja.

"Vifunike na mfuko wa nailoni, viweke kivulini. Na usivivute kuangalia."

Neno hilo la mwisho lilimkaa Bi Hakiki rohoni. Anayekukataza kuangalia ana la kuficha.

Wifi alipoondoka tu, akakata vijiti vyake sita, akavipanda kwenye kopo lingine bila unga, apate ushahidi. Vya wifi alivinyunyizia maji kwa mbali, kupitia upenyo wa mfuko, asije akagusa sumu. Vyake alivichomoa kila baada ya siku tatu, akavitazama, akavirudisha.

Wiki ya saba vyake vilikuwa vyeusi kitako, vyote. Akaamua kwamba upepo umehamisha sumu, akamwita wifi aje ajibu.

Wifi akayatazama makopo mawili mezani. Akafunua mfuko: vijiti vinne vilikuwa vimechipua. Akakiinua kimoja pamoja na mchanga wake. Mizizi myeupe ikaning'inia kama nyuzi.

"Na hivi vingine ulikuwa unavivuta?"

"Nilikuwa navikagua."

Wifi hakucheka. Alikaa kitini, mizizi ingali mkononi. "Ile cherehani," akasema, "pedali yake imelika pale mama alipokuwa anakanyaga. Ningekuomba siku ile ningelia mbele za watu. Nikaona heri uniite mwizi."

Bi Hakiki aliukagua uso wake muda mrefu, akitafuta ufa wa uongo. Hakuuona.

"Ungesema tu," akajibu hatimaye, kwa sauti ndogo.

Wakagawana miche, miwili kwa miwili, na Bi Hakiki ndiye aliyemchagulia wifi yenye majani mengi. Wifi akaondoka ameipakata kifuani.

Baada ya siku tatu Bi Hakiki alipita mtaa wa wifi, ahakikishe kama kweli imepandwa. Ilikuwa imepandwa kwenye ndoo mbili kivulini karibu na dirisha, udongo bado umelowa.