Krismasi ya Ushirombo: mama mkwe aliyekimbia sauti ya sanduku

Wakuu, za sikukuu? Hii siyo chai. Alinisimulia bibi yangu mzaa baba, na bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Nianze na mimi kidogo.

Krismasi hii nilibaki Dar kikazi. Nikampigia mke wangu simu ya video, yuko kwao Mwakitolyo na watoto. Mama mkwe akapita, akaona uso wangu kwenye kioo cha simu, akajifunika khanga na kukimbilia jikoni.

Watoto walicheka mpaka basi. Mimi sikucheka. Miaka sita ya ndoa nimekuwa nikidhani yule mama hanipendi.

Ndipo nikamkumbuka bibi.

Miaka ya thelathini huko, babu Masanja alikwenda Geita kuchimba dhahabu. Akamwacha bibi Kabula kwao Ushirombo, kwa wazazi wa bibi, na mimba ya baba yangu.

Miezi ikapita kimya. Babu hakujua kuandika barua.

Karibu na Krismasi akapita mchimbaji mmoja, akasema shimo la kina Masanja limefukia watu. Wazee wakaamua: sikukuu ikipita, Kabula anyolewe nywele kama mjane, msiba uwekwe.

Bibi alisema hakulia. Alikaa tu akishika nywele zake.

Siku ya Krismasi, baada ya misa ya asubuhi, padri akaweka mezani, pale uani kwa kanisa, sanduku lenye tarumbeta. Wiki iliyotangulia alikuwa Geita kuwasalisha wachimbaji, na mashine ile ilikuwa inachora sauti ya mtu kwenye nta na kuitoa tena. Hebu fikiria, wakuu, watu ambao hawajawahi kusikia hata redio!

Padri akazungusha mpini. Ukatoka wimbo wa wachimbaji. Watu wakainama kuchungulia chini ya meza kama kuna mtu.

Kisha kikatoka kikohozi. Halafu:

"Mwangaluka, mayu. Ni mimi Masanja. Shimo lilituangukia, nimevunjika mguu, ila nipo. Kabula, nisubiri."

Pale kwenye "mayu" tu, yaani "mama", mama yake bibi alishanyanyuka. Khanga usoni, akapita katikati ya watu mbio mpaka nyuma ya ukuta wa kanisa. Kwa Wasukuma wa enzi hizo, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso. Sasa mkwe si kaingia uani!

Watu walicheka. Mjomba wake bibi akasema, "Huo ni mzimu wa Masanja. Kabula anyolewe leo leo."

Padri akaeleza, wapi. Bibi akazishika tena nywele zake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta:

"Mzimu gani unaokohoa? Huyo ni mkwe wangu! Nyie mnamjua sura, mimi tangu amuoe Kabula namsikia nyuma ya ukuta. Kikohozi chake nakijua. Na huo mguu unamuuma, anaficha tu. Mwanangu hanyolewi!"

Kabula hakunyolewa. Nani angembishia?

Kabla ya kutoka alikojificha, akauliza kwanza, "Padri, ameshaondoka?"

Babu alirudi wakati wa kupalilia, anachechemea. Baba yangu alikuwa ameshazaliwa.

Mpaka leo kisa hiki kinanisisimua mwili. Siyo sanduku tu, wakuu. Mama yule hakuwahi kumtazama mkwe wake usoni, na ndiye pekee aliyemtambua.

Sasa turudi Mwakitolyo. Mke wangu bado anacheka, mimi nimeshika simu yangu, mara nikasikia sauti kutoka jikoni:

"Baba Neema! Hicho kifua kimekuanza tena. Tangu juzi nakusikia ukikohoa kwenye simu. Umekunywa dawa?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Nilichojifunza: msipime upendo wa mkwe kwa kumwona usoni. Wenye wakwe wa hivi, leteni visa vyenu hapa. Mimi nakwenda kununua dawa.