Lebo ya Asali ya Enoka

Kila gulio la Inyonga, Enoka alijitapa kwamba asali yake haina chembe ya sukari. "Sisimizi hawaigusi! Wao wanafuata ile ya kuchanganya!"

Kilichomkera ni lebo za chupa. Aliwaandikia wachapaji wa Tabora kwamba anataka rangi ya asali, zikaja njano kama kiini cha yai. "Hawa watu hawajawahi kuona asali?" akafoka. Basi akadondosha asali yake kwenye kadi nyeupe, akaiacha dirishani ikagandamana, akaifunika kwa nailoni na kuituma na barua: "Pigeni picha hii hii. Msiongeze, msipunguze."

Safari hii rangi ilitoka sawasawa, asali yenyewe. Enoka akawa anachekelea peke yake, mpaka alipoona kidoa cheusi chenye miguu sita. Kilikuwa kwenye lebo zote elfu mbili.

"Wapumbavu wakubwa! Wamenichapia sisimizi!"

Mkewe, Pudensiana, akachukua lebo moja na kuisogeza machoni.

"Mafundi hawana kosa, baba Happiness, uliwaambia wasipunguze. Kumbe sukari yangu inaishia huko! Na mimi kila siku nawasingizia wageni."